Hatua za ukuaji mwaka wa kwanza: namna ya kumfuatilia mtoto wako nyumbani

Maswali ni yale yale kila siku. "Wangu ana miezi saba hajakaa, nifanyeje?" "Wa dada yangu alitembea na miezi tisa, huyu wangu ametimiza mwaka bado anatambaa, kuna tatizo?" "Mtoto hatambai kabisa, anasota tu kwa makalio." Majibu nayo huwa ya aina mbili. Wapo wanaomtisha mama hadi usingizi unamruka, na wapo wanaomwambia kila mtoto na wakati wake, tulia. Jibu la kwanza linatia hofu bure. La pili limechelewesha watoto wengi waliohitaji msaada mapema, wakati ubongo bado unajengeka kwa kasi na mazoezi yanaleta mabadiliko makubwa.

Mwongozo huu utakusaidia kumwangalia mtoto mwenyewe, kuandika unachokiona, na kutofautisha jambo la kusubiri na jambo la kupeleka hospitali leo hii.

Andaa hivi kwanza

- Kadi ya kliniki. Utahitaji tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa na mimba ilikuwa ya wiki ngapi.
- Daftari dogo na kalamu. Kumbukumbu ya kichwani inadanganya, hasa ukiwa hulali vizuri.
- Sehemu ya chini iliyo safi: mkeka au blanketi nene sakafuni. Usitumie kitanda. Godoro linabonyea na mtoto hapati pa kujisukumia, na siku akipinduka kwa mara ya kwanza anaweza kuanguka.
- Kitu cha rangi kali, kitu kinacholia kama njuga, kitambaa chepesi na kikombe cha plastiki. Vinatosha. Hakikisha hakuna kipande kinachoweza kung'oka na kumkaba.
- Simu ya kurekodi video fupi.
- Mtoto aliyeshiba, aliyelala vya kutosha na asiyeumwa. Mtoto mwenye njaa hakuonyeshi lolote.

1. Pata umri wake sahihi

Ikiwa alizaliwa wakati wake, hesabu kawaida. Ikiwa ni njiti, toa wiki alizowahi. Mimba kamili ni wiki 40. Aliyezaliwa kwenye wiki ya 32 amewahi wiki 8, yaani karibu miezi miwili, kwa hiyo akifikisha miezi sita kwenye kalenda mlinganishe na mtoto wa miezi minne. Endelea kuhesabu hivyo hadi atimize miaka miwili. Chanjo hazihusiani na hesabu hii, zinafuata kalenda ya kawaida.

Hapa ndipo wazazi wengi wa njiti wanapojitesa. Mtoto anaenda vizuri kabisa, ila anapimwa kwa umri usio wake.

2. Jua upana wa kawaida

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Marekani, Norwe na Omani, na mwaka 2006 likatoa vipindi ambavyo karibu watoto wote hao walifikia kila hatua:

- kukaa bila kuegemea: miezi 3.8 hadi 9.2
- kusimama kwa kushikilia kitu: miezi 4.8 hadi 11.4
- kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- kutembea kwa kushikilia: miezi 5.9 hadi 13.7
- kusimama dede: miezi 6.9 hadi 16.9
- kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Soma tena mstari wa mwisho. Mtoto anayetembea na miezi tisa na anayetembea na miezi kumi na sita wote wako salama. Na kutambaa? Takriban watoto 4 katika kila 100 waliofuatiliwa hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walisota au waliburuta tumbo, na wengine walisimama moja kwa moja. Kwa hiyo kutotambaa peke yake si ugonjwa. Cha kuangalia ni kama mtoto ana njia yoyote ya kujisogeza, na kama anatumia pande zote mbili za mwili.

3. Mlaze kifudifudi kila siku akiwa macho

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Shingo inakazwa hapa, na mabega na mgongo vinapata nguvu ya kupinduka, kukaa na kutambaa. WHO inashauri mtoto ambaye hajaanza kujisogeza apate angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa.

Usianze na dakika 30. Siku za mwanzo mlaze kifuani kwako ukiwa umeegemea nyuma, uso wake ukitazama wako. Dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, mathalani kila unapombadilisha nepi. Baadaye mhamishie kwenye mkeka. Akilalamika, kunja taulo dogo, liweke chini ya kifua, mikono yake ipite mbele ya taulo. Kisha lala chini na wewe, uso wako usawa na wake, uongee naye. Utamwona anainua kichwa kidogo, kinatikisika, kinashuka, anapumzika na shavu chini, anajaribu tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akianza kulia kwa uchovu, mgeuze.

Onyo: kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na mtu mzima yuko naye. Akisinzia, mgeuze chali. Usingizi wote, wa mchana na wa usiku, alazwe chali, juu ya kitu kigumu kilicho bapa, bila mito wala blanketi nzito karibu na uso. Hili linapunguza hatari ya kifo cha ghafla cha usingizini.

4. Miezi 0 hadi 3: angalia macho, masikio na tabasamu

Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titini hadi usoni kwako. Kaa umbali huo. Akikutazama, sogeza uso wako taratibu upande mmoja bila kuongea, ili macho yamwongoze na si sauti. Kufikia miezi mitatu anapaswa kukufuata kwa macho toka upande mmoja hadi mwingine. Macho kupishana mara moja moja wiki za mwanzo si tatizo; yakiendelea baada ya mwezi wa nne, au jicho moja likiwa limepinda muda wote, apimwe.

Masikio yanapimwa vibaya sana majumbani. Watu wanabamiza mlango, mtoto anashtuka, wanasema anasikia. Mtoto asiyesikia naye anahisi mtikisiko wa mlango. Fanya hivi: mtu mmoja ashike mtoto na kumtuliza. Wewe simama pembeni, nyuma kidogo ya sikio, asikuone wala asihisi pumzi yako, kisha tikisa njuga polepole. Mdogo sana atakodoa macho, atanyamaza au ataacha kunyonya. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano atageuza kichwa kutafuta sauti. Rudia upande wa pili. Ikiwa hospitali mliyojifungulia ilipima usikivu siku za mwanzo, tafuta majibu yameandikwa wapi. Kama alipata manjano kali sana, homa ya uti wa mgongo au alizaliwa njiti mdogo, usitegemee njuga. Omba kipimo cha hospitali.

Tabasamu la kujibu, akikuona anacheka, huja kati ya wiki ya sita na mwezi wa pili. Kabla ya hapo hutabasamu usingizini, na hilo ni zuri lakini bado si la kukujibu wewe. Katika kipindi hiki pia vidole vilivyokuwa vimekunjwa ngumi vinaanza kufunguka, na anatoa sauti za "aaa" na "ooo". Mjibu. Yeye atoe sauti, wewe jibu, kisha nyamaza umpe zamu.

5. Miezi 4 hadi 6: shingo, mikono na kupinduka

Mlaze chali, mshike mikono na mabega, umwinue taratibu kuelekea kukaa. Mtoto mchanga kichwa kitabaki nyuma. Kufikia miezi minne hadi mitano kichwa kinafuatana na mwili, na wengi hukaza shingo na kujivuta wenyewe. Kama kichwa bado kinaning'inia nyuma kabisa katika mwezi wa tano, apimwe.

Sasa mpe njuga akiwa kifuani kwako. Mwanzoni ataipiga kwa kiganja. Baadaye ataishika, ataipeleka mdomoni, na karibu na mwezi wa sita hadi wa saba ataihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Angalia hasa kama mikono yote miwili inafanya kazi. Mtoto wa mwaka wa kwanza hapaswi kuwa na mkono mmoja anaoupendelea wazi wazi. Ndugu watasema "huyu atakuwa wa shoto" na kufurahi, lakini mapema hivi huenda mkono wa pili ni dhaifu.

Kupinduka huja kati ya miezi minne na sita kwa wengi, wengine huanza kutoka kifudifudi kwenda chali, wengine kinyume chake. Kuanzia hapa usimwache juu ya kitanda wala kochi hata kwa kupepesa jicho.

Kufikia miezi sita anacheka kwa sauti na kupiga kelele za furaha. Ni wakati pia wa kuanza chakula pamoja na maziwa, mradi shingo imekaza na anaweza kukaa akishikiliwa.

6. Miezi 7 hadi 9: kukaa, kubwabwaja, kuogopa watu

Mkalishe sakafuni miguu ikiwa imefunguka. Mwanzoni ataegemea mikono yake mbele. Baadaye atainua mkono mmoja kuchukua kitu, kisha yote miwili. Kufikia miezi tisa anapaswa kukaa bila kushikiliwa. Asipofanya hivyo, usingoje mwezi wa kumi na mbili.

Sikiliza maneno yake yasiyo maneno: "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", "da-da-da". Kubwabwaja huku ni alama muhimu ya usikivu. Mtoto asiyesikia naye hutoa sauti miezi ya mwanzo, ndiyo maana familia nyingi huchelewa kugundua. Silabi hizi za kujirudia ndizo zinazochelewa kuja au zisije kabisa.

Jaribu mchezo huu kwenye mwezi wa nane au wa tisa. Mwonyeshe kikombe anachokipenda, kifunike kwa kitambaa mbele ya macho yake. Miezi michache nyuma angegeuka tu, kana kwamba kikombe kimekoma kuwapo. Sasa atakivuta kitambaa, na uso wake utang'aa. Amejua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Ujuzi huo huo ndio unaomfanya alie ukitoka chumbani: anajua upo mahali, na si kwake. Kipindi hiki pia anakataa watu asiowazoea, hata bibi aliyekuwa akimbeba mwezi uliopita. Hajaharibika wala hajadekezwa. Waombe ndugu wakae karibu kwanza, wamwache awaendee mwenyewe.

7. Miezi 10 hadi 12: vidole, ishara na dede

Weka kipande kidogo cha chakula laini mbele yake. Mtoto wa miezi saba anakikokota kwa kiganja kizima. Kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili atakichukua kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, kwa uangalifu mkubwa. Ukishaona hivyo, pitia sakafu yote: betri ndogo za duara, sarafu, vidonge, kila kitu kitaingia mdomoni.

Ishara nazipa uzito kuliko maneno. Anapunga mkono kuaga? Ananyoosha mikono abebwe? Anageuka akiitwa jina? Anatazama unachokitazama? Neno la kwanza lenye maana huja karibu na mwaka, na wengine hulichelewesha kidogo bila shida, lakini mtoto wa mwaka mmoja asiye na ishara hata moja anahitaji kuonwa.

Kuhusu kusimama, mwache ajiinue mwenyewe kwa kushika meza imara, apite pembeni akishikilia, aachie, asimame dede, aanguke kwa makalio, aanze upya. Ndani ya nyumba abaki pekupeku. Vidole vya mguu vinajifunza kushika sakafu, na viatu vigumu vinamzuia.

8. Andika, kisha peleka daftari kliniki

Mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile aliyozaliwa, andika mistari minne: mwili, mikono, sauti, watu. Mfano: "Miezi 8. Anakaa mwenyewe, akigeuka anaanguka. Anahamisha kikombe mikononi. Anasema da-da-da. Analia akibebwa na jirani." Ongeza uzito na mzingo wa kichwa kutoka kliniki. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa huongezeka mara mbili karibu na mwezi wa tano na mara tatu karibu na mwaka.

Muuguzi mwenye foleni ndefu ana dakika chache tu na wewe. Daftari na video ya sekunde 30 vitamwambia mengi kuliko "naona kama anachelewa".

Makosa yanayojirudia

*Kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea.* Hakifundishi kutembea. Huweza hata kuchelewesha, kwa sababu mtoto anasukuma kwa vidole na haoni miguu yake. Kinamfikisha pia kwenye ngazi, moto na maji ya moto kabla hujafika. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Kama unacho, kiondoe.

*Kumkalisha na mito mapema.* Kumkalisha kwa nguvu mwezi wa tatu hakumwahishi. Anakuwa ameegeshwa tu, na muda huo angekuwa kifudifudi akijenga mgongo. Vivyo hivyo kiti cha gari na kiti cha kubembea: asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo.

*Katuni za simu ili "ajifunze kuongea".* WHO haipendekezi skrini kabisa kabla ya mwaka mmoja. Lugha anaipata kwa mtu anayemjibu.

*Kulinganisha na wa jirani.* Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Hapo ndipo utaona kama anasonga.

Dalili zisizosubiri

Nenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki ukiona mojawapo:

- Amepoteza uwezo aliokuwa nao, kama kubwabwaja, kukaa au kutazamana, katika umri wowote.
- Anajikunja ghafla, kichwa na mikono vikirushwa mbele, analegea, kisha inarudia tena na tena kwa mfululizo, mara nyingi akiamka. Hufanana na kushtuka au maumivu ya tumbo, lakini inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto inayoharibu ubongo haraka. Rekodi video, nenda siku hiyo hiyo.
- Mwili umekakamaa sana, au umelegea ukimbeba unateleza mikononi.
- Upande mmoja hautumiki sawa na mwingine.
- Hajatabasamu kwa mtu wala kufuata kwa macho akiwa na miezi mitatu.
- Mboni inaonekana nyeupe, iwe kwa macho au kwenye picha ya mwanga wa kamera.
- Utosi umevimba, au kichwa kinakua haraka kupita mstari wake kwenye kadi.

Ukikwama

*Analia kila nikimlaza kifudifudi.* Kaa mbali na saa ya kunyonya, mpe nusu saa chakula kishuke. Rudi kifuani kwako, au mlaze juu ya mapaja. Sekunde 30 mara kumi zinahesabika.

*Alikuwa anabwabwaja, ameanza kusimama, sasa yuko kimya.* Watoto wengi hupunguza jambo moja wakijifunza jingine. Kupunguza si kupoteza: akiwa bado anakutazama, anacheka na sauti hutoka mara moja moja, endelea kumwangalia. Akiwa amenyamaza kabisa au haangalii watu, mpeleke.

*Aliumwa, ameacha kukaa.* Homa au kuharisha humlegeza mtoto kwa siku kadhaa. Akipona anarudi alipokuwa. Asiporudi, mpeleke tena na useme wazi alikuwa anafanya nini kabla ya kuumwa.

*Nyumbani tunaongea lugha mbili, tumchagulie moja?* Hapana. Lugha mbili hazisababishi kuchelewa. Kila mtu aongee naye lugha inayomtoka vizuri.

*Ana miezi 11, hasimami hata akishikwa.* Angalia mengine kwanza: anakaa vizuri, anajisogeza, miguu haijakakamaa wala kulegea? Kama ndiyo, mpe muda wa sakafuni na meza imara ya kujivutia, na mtaje kliniki ijayo. Kama moja kati ya hayo lina shaka, tangulia kliniki.

*Nimeambiwa nisubiri, lakini roho haitulii.* Uliza maswali mawili: "Tunasubiri hadi tarehe gani?" na "Asipofanya nini kufikia siku hiyo tutamtuma kwa nani?" Andika majibu kwenye daftari. Usipopewa tarehe, omba rufaa kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na huku ukingoja endelea na kifudifudi, michezo na mazungumzo ya kila siku, kwa sababu hayo hayana madhara kwa mtoto yeyote.